Lulu Mia Nne na Vifungo Vitatu

Mvunguni hapaendwi kwa kuringa. Kitu kikishaingia chini ya kitanda, anayekitaka atapiga magoti, awe mkubwa au mdogo, na huenda akatoka na vumbi puani. Wahenga waliliona hilo kabla ya umeme na kabla ya televisheni. Binti mmoja aliyeitwa Bingwa aliliona Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, vidole vikiwa juu ya vitufe vya gemu.

Bingwa alikuwa amemaliza shule miaka miwili nyuma. Tangu hapo aliishi kwa kaka yake, akilala sebuleni kwenye kochi ambalo mchana hukaliwa na wateja wa wifi yake, fundi cherehani. Kazi alizitafuta mpaka soli za viatu zikamwomba msamaha. Ndipo mwenye ukumbi wa gemu wa mtaa wa pili alipotangaza kwamba anatafuta msimamizi.

"Mimi cheti sikitaki," alisema yule bwana, kitambi chake kikiegemea meza. "Namtaka mtu aliyeumaliza mchezo wa Mji wa Lulu, asilimia mia. Wateja wananiuliza maswali, mimi nabaki kukodoa macho kama mbuzi. Atakayeniletea mia yake kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, kazi ni yake."

Bingwa alirudi nyumbani akitembea kama mwenye funguo mfukoni. Hakuna aliyemfikia kwa mchezo ule. Kila aliyecheza naye alitoka kichwa chini, na yeye hakuwahi kumwambia mtu hata "pole."

Lakini kuna mmoja ambaye Bingwa alimwumiza zaidi ya wote. Wifi yake naye alikuwa akiucheza mchezo huohuo Jumapili, taratibu, kama anayepiga pindo la shuka. Akiingia katika ule mji wa kwenye kioo, humsalimia kila mtu. Akiona kuku, humfuata. Siku moja, wateja wawili wakiwa wamekaa wanasubiri nguo zao, Bingwa alisimama nyuma yake akacheka.

"Mwoneni wifi yangu. Wenzake wanatafuta lulu, yeye anachunga kuku. Wifi, huo mchezo umekuzidi, rudi kwenye sindano."

Wateja walicheka. Wifi alitabasamu nusu, akaweka kidude cha kuchezea mezani, na toka siku ile hakukigusa tena. Maneno ni kama maji ya moto: anayeyamwaga hasikii joto lake.

Basi Bingwa alicheza. Hadithi ya mchezo aliimaliza, maadui aliwashinda wote, lulu alizizoa toka mapangoni hadi juu ya mapaa. Namba iliyo pembeni ya kioo ikapanda: tisini, tisini na tano, tisini na saba. Hapo ikagoma.

Alichukua karatasi akapiga hesabu. Jalada la mchezo lilisema lulu zilizofichwa ni mia nne. Zimebaki asilimia tatu. Tatu katika kila mia, mara nne, ni kumi na mbili. "Kumbe lulu kumi na mbili tu," akajisemea. Akazisaka siku tisa. Alipekua visima, akapiga teke kila pipa, akapanda mnara mmoja mara thelathini. Hakupata hata moja, na namba ilikaa palepale kama jino bovu.

Ijumaa ile maji yalimfika shingoni. Alitazama kochi, akawaza kulilalia mwaka mwingine. Mtu pekee aliyemjua aliyewahi kuzunguka mji ule kwa utulivu alikuwa umbali wa hatua nne, nyuma ya cherehani, ana pini tatu mdomoni.

Hatua nne zile zilikuwa ndefu. Alienda, akarudi, akaenda tena.

"Wifi, unahitaji nikushikie kitambaa?"

"Kitambaa kina miguu ya kukimbia?" Wifi hakuinua macho.

Cherehani ikapita mshono mzima.

"Wifi, siku ile mbele ya wageni nilikukosea. Nilikufanya kichekesho na hukuwa umenifanyia lolote. Nisamehe. Na nimekwama. Nakuomba unisaidie."

Wifi alitoa pini moja mdomoni, kisha ya pili, kisha ya tatu, akazichomeka kwenye mto wake mdogo bila haraka. Nadhani alitaka msamaha ule ukae kidogo hewani, aunuse.

"Kitendawili," akasema.

"Wifi, mimi nina saa chache—"

"Kitendawili."

"Tega."

"Shanga mia nne nimezishona, mwenye gauni hatoki nje."

"Kioo hana?"

"Anacho."

"Viatu?"

"Amevaa."

Bingwa alikuna kichwa. Katika maisha yake alikuwa hajawahi kukubali kushindwa, hata na mafua. Wifi alikunja mikono akangoja.

"Nimeshindwa," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Chukua mji. Chukua huohuo Mji wa Lulu."

Wifi akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Nimekwenda Mji wa Lulu, nikamkuta binti mmoja anapiga mapipa mateke. Jibu ni vifungo, mama. Gauni halina vifungo vitatu. Atatokaje nje, nguo ikimdondoka? Shanga ni mia nne, lakini hata zikiwaka kama nyota, haziwezi kufanya kazi ya kifungo. Haya, nionyeshe sanduku lako la lulu."

Bingwa aliwasha mchezo. Sanduku lilikuwa limejaa, kifuniko kimefungwa.

"Sasa hizo kumi na mbili utaziweka wapi, kwenye masikio?"

"Nilidhani kifuniko ni urembo tu."

"Nilipokuwa nacheza niliitazama ile namba," Wifi alisema, akivuta kigoda. "Hadithi nzima imepewa hamsini. Maadui, ishirini. Lulu nazo ishirini, hivyo unaokota lulu ishirini ndipo namba ipande moja. Lakini yule bibi wa kuku, ukimsaidia yeye peke yake, inapanda moja. Majirani wa mji ule ni kumi, kila mmoja na moja yake. Wewe umewasaidia wangapi?"

"Saba. Walikuwa wamesimama njiani."

"Wamebaki watatu. Ndio vifungo vyako."

Bingwa, mshindi wa mazimwi, alitumia alasiri ile kurudisha kuku sita bandani, mmoja akiwa na roho mbaya kuliko zimwi lolote. Tisini na nane. Akaosha sufuria za mpishi, moja baada ya moja. Tisini na tisa. Wa mwisho alikuwa mzee wa darajani aliyetaka tu kusikilizwa. Kila mara Bingwa alikuwa akibonyeza kitufe cha kuruka maneno yake, na mzee huanza upya.

"Ondoa kidole," Wifi alimnong'oneza. "Msikilize."

Alisikiliza habari za ujana wa mzee, za mkewe, za mbuzi wake aliyepotea. Mzee alipomaliza akasema asante. Kioo kikaangaza: mia moja.

Wifi na Bingwa walikumbatiana kama watu waliookoka mafuriko.

Jumamosi saa nne asubuhi Bingwa alikuwa ukumbini na mashine yake. Mwenye ukumbi aliitazama namba, akavaa miwani, akaitazama tena.

"Lulu hizi zote umezipata mwenyewe?"

"Lulu, ndiyo. Asilimia tatu za mwisho nilifundishwa na wifi yangu." Akamweleza habari ya gauni na vifungo, toka shanga ya kwanza.

Yule bwana akatikisa kichwa. "Miezi sita wateja wananiuliza kwa nini wamekwama wakati masanduku yao yamejaa. Leo ndio nimeelewa." Akaweka funguo mezani. "Jumatatu saa mbili. Ila ujue, kazi ya kwanza si ya kukaa kwenye kiti. Kila asubuhi nyaya zinaanguka chini ya meza. Huyo wa kuzichomeka ni msimamizi."

"Hata leo naweza," Bingwa akasema. Akakunja mikono ya blauzi, akapiga magoti, akaingia chini ya meza ya kwanza, vumbi likampaka puani, naye akicheka peke yake.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.