Swali Ambalo Tabibu Labid Hakuuliza

Imepokewa kutoka kwa watu wema waliotutangulia kwamba mjini Basra palikuwa na tabibu, Labid bin Hafsi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye hakuwa akigusa mshipa wa mgonjwa kabla ya kuuliza maswali yake saba. Watu walimtania kwamba anahoji kuliko kadhi. Ijumaa moja aliitwa kwa mfumaji aliyeumwa tumbo. Adhana ilikuwa imekaribia, naye akauliza mawili tu, akaandika kwenye karatasi sanamaki, dawa ya kuendesha tumbo, akaenda zake msikitini. Kesho yake mfumaji akafariki dunia.

Labid alipokwenda kutoa mkono wa tanzia, alimsikia mjane, Bi Rumaisa, akisema nyuma ya pazia, "Siku tatu alikuwa akiharisha, maskini, hadi Mola akamchukua. Nawe Shekhe ulijitahidi, Mungu akulipe heri."

Anayeharisha hapewi sanamaki. Na kuharisha ndilo lilikuwa swali lake la tatu.

Akamweleza rafiki yake Shuraihi, muuza dawa. "Karatasi yako imeshatupwa, na mjane anakuombea dua," Shuraihi akamwambia. "Mwenyezi Mungu amekusitiri, nawe unataka kujivua nguo? Wakijua, hutatibu tena hata paka."

"Sitara ni ya dhambi iliyo baina yangu na Mola wangu," akajibu Labid. "Hii ina mwenyewe, naye yuko eda."

Akarudi kwa mjane, kaka yake akiwapo, akasema, "Bibi, sikuuliza. Nilimpa mumeo dawa isiyomfaa. Kama ndiyo iliyomuua, Allah ndiye ajuaye, ila kosa ni langu."

Nyuma ya pazia kukasikika kilio. "Toka," akasema kaka mtu.

Habari ikamfikia mkuu wa matabibu, akamzuia kutibu mwaka mzima. Labid akaupitisha akiwasimulia wanafunzi kosa lile bila kulipamba, na kila mara lilimuuma upya.

Mwaka ulipokwisha, binti wa Rumaisa akashikwa na homa. "Niitieni Labid," akasema mama yake.

Kaka yake Rumaisa akaruka. "Dada, Basra imejaa matabibu, umemwona huyo tu?"

"Hao wengine," akasema, "sijui walikosea wapi."

Labid akaja, akaketi, akauliza yote saba. Adhana iliadhiniwa naye bado anauliza.

Ndugu zangu, tunamwomba Mola atusitiri, na ni dua njema. Tumwombe pia ulimi wa kusema "nimekosea" mbele ya yule tuliyemkosea, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokauka sauti.