Karanga za Kuonja

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa na gulio lao kila Jumatano, Kindi aliuza karanga. Na gulio lile lilikuwa na desturi: mnunuzi huonja kwanza, bure.

Sasa mwambie Tembo aonje. Fyuu! Mkonga mmoja, nusu kikapu. Kiboko akapanua kinywa, chwaa, akamaliza iliyobaki.

"Chumvi imepungua, Bi Kindi," akasema, akaenda zake.

Kindi akarudi nyumbani na kikapu kitupu. Watoto wake watatu wakakichungulia. Ndani ya nyumba lilibaki debe moja tu la mbegu, mvua ilikaribia, na shamba lilikuwa gumu kama kigae. Kwa vikucha vile angelima mpaka lini? Roho ilimuuma, maskini.

Jumatano iliyofuata alikaa gulioni mikono mitupu.

"Za kuonja ziko wapi, Bi Kindi?" Tembo akauliza.

"Nimezifukia shambani, Mzee Tembo. Si unatujua sisi kindi? Nimeshasahau ni wapi. Atakayeziona ni zake."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Weee! Tembo akachimba kwa pembe, Kiboko akafukua kwa pua. Kubu, kubu, kubu, siku tatu nzima. Tembo akapata karanga mbili. Kiboko akapata moja, tena mbovu.

Siku ya nne mvua ikaanza kunyesha. Kindi na wanawe wakapita nyuma yao wakidondosha mbegu kwenye udongo laini.

Tembo akasimama. "Kumbe shamba hili tumekulimia sisi?"

"Tena mmelima vizuri, mzee wangu."

"Na langu la maboga?"

"Halijaguswa. Siku zako tatu umezitoa kwa karanga mbili."

Tembo akakaa chini, puu. Kiboko akanuna. Lakini Tembo alianza kucheka, akacheka mpaka masikio yakapigapiga. Kindi akamwonea huruma, maana alimpenda yule mlafi.

"Mvua bado changa," akasema. "Nendeni mkachimbe kwenu. Sisi wepesi tutawapandia."

Wakapanda, na maboga yakazaa. Msimu ulipofika Tembo alikuja gulioni, akatua boga mbele ya Kindi kabla hajanyoosha mkonga.

"Pokea kwanza," akasema. "Halafu nionje moja."

Basi wajukuu, hata cha bure kina bei yake: ni kile ulichokiacha ukikifuata.