Majani Aliyoyazika Gerishon

Mtu aweza kuuonea haya ugonjwa wake akauficha, lakini ugonjwa wenyewe hauna haya. Hukua hadi ukajitangaza. Gerishon wa Waithaka alilijua hilo maji yalipokuwa yamezidi unga.

Mvua ndefu za mwaka wa 1968 zilipoanza, hapakuwa na shamba la viazi lililosifiwa kama lake. Majirani walimwomba mbegu, naye alipenda sifa kuliko chakula. Hata Wamucii, mjane wa mdogo wake, alipanda mbegu hizo upande wa pili wa ua. Hakuwa na tegemeo jingine la kuwalisha watoto wake wanne.

Asubuhi moja Gerishon aliona madoa meusi kwenye majani, na chini yake utando mweupe. Aliyachuma upesi akayazika. Kesho yake yakawepo mengine. Basi kila alfajiri, umande ungali mbichi, alipita mstari hadi mstari akichuma, kisha akavuka ua kuchuma ya Wamucii, asije akasema mbegu za shemeji yake ni mbovu.

Nashon, bwana shamba aliyetoka Kakamega, alipita na bomba lake la dawa ya mrututu, ile ya buluu ya kuzuia ukungu wa mimea, akiuliza penye madoa. Gerishon alimkaribisha chai, akamwambia shamba lake ni zima. Wanjira, mkewe, alimsihi aseme kweli. Akaambiwa afunge mdomo.

Mvua ilinyesha siku tisa mfululizo. Siku ya kumi mashamba yote mawili yalikuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji moto, na harufu ya uozo ilifika barabarani. Nashon alipoitwa, Wanjira alishindwa kuvumilia, akasimulia yote mbele ya Wamucii.

"Mzee, ugonjwa huu hupenda maji," Nashon alisema kwa huzuni. "Umeusambaza mwenyewe kwa mikono iliyolowa. Sasa hata nikipuliza dawa, nitaponya nini?"

Wamucii alipiga magoti akafukua. Kila kiazi alichokishika kilimpasukia mkononi.

"Ungeniambia tu, shemeji," alisema bila kuinua macho. "Mimi ningekucheka?"

Gerishon aligeuza uso upande wa ua. Watoto wa ndugu yake walikuwa wamesimama uani na kikapu kitupu, wakimtazama. Hakuna aliyemcheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.