Hatua Yenye Mashimo Kumi na Manne

Wapendwa, mfano wa leo vijana mliokaa kule nyuma mtauelewa haraka kuliko sisi. Wazee wangu wa mbele, nivumilieni. Habari yenyewe ni ya gemu, ila iliyoumia ni nyumba kama zetu.

Kulikuwa na fundi kompyuta mmoja, mtu wa heshima zake, tena mzee wa kanisa. Alikuwa na binti mmoja tu. Binti alipokuwa mdogo walikuwa wakicheza pamoja gemu za zamani, zile za kijitu kinachokimbia na kuruka mashimo mpaka kifike mlangoni. Baadaye fundi akapata programu iliyotengenezwa na wapenzi wenzake wa gemu hizo, watu wasiolipwa na yeyote, ambayo inakuwezesha kujipangia hatua zako mwenyewe, yaani njia ya kijitu kutoka mwanzo mpaka mlangoni. Unachagua tofali, unabonyeza, limekaa. Unachagua shimo, unachagua miiba, unaweka mlango wa mwisho pale unapotaka wewe.

Binti akakua. Mwaka wa pili akaacha chuo cha uuguzi, akamfuata mwanamume bila kuaga. Ikapita miezi kumi na minne hakuna habari. Fundi aliumia, na msimcheke, maana maumivu yale yalikuwa ya kweli. Lakini hakulia, wala hakuomba. Alikaa kwenye kompyuta akatengeneza hatua moja, na kila mwezi uliopita kimya aliiongezea shimo.

Kisha binti akarudi. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, ana begi moja na amekonda. Mama yake alitaka kumkimbilia, fundi akamzuia kwa mkono, kisha akamwonyesha binti kiti kilicho mbele ya kompyuta.

"Kaa hapo," akasema. "Ukifika mlangoni, tutazungumza. Usipofika, sina la kusema na wewe."

Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka.

Binti akakaa, begi miguuni. Vidole vilikuwa havijasahau. Akaruka shimo la kwanza, la pili, la sita. La saba likammeza. Akaanza upya, likammeza tena. Fundi alisimama nyuma yake, mikono kifuani, na sitawaficha alichokisikia moyoni: kila kijitu kilipotumbukia alipata nafuu kidogo, kama mtu anayejikuna upele, na nafuu ilipokwisha paliwasha zaidi. Alitamani mwanawe afike. Alitamani pia asifike. Mama alikuwa konani, ameshika sahani ya chakula kinachopoa, anamtazama mumewe na si kompyuta.

Baada ya mara thelathini na kitu binti aliacha kucheza, akageuka.

"Baba, shimo hili wewe ulilipita?"

"Nililipita."

"Basi nionyeshe, nikufuate."

Sasa sikilizeni. Wapenzi wa gemu hizi wana desturi yao: humpi mtu hatua ambayo hujaipita mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Fundi aliijua, na alikuwa akiwafundisha wengine. Na kweli hatua yake aliipita. Ila programu ile inampa mtengenezaji kinga. Ukiiwasha unapojaribu kazi yako, kijitu hakifi. Kikitumbukia kinaibuka, safari inaendelea. Fundi alikuwa ameiwasha tangu siku ya kwanza na hakuwahi kuizima. Alitumbukia mle mara nyingi bila kudhurika, akajihesabia kwamba amepita.

Akakaa kwenye kiti. Shimo la nne tu likammeza. Akarudia. Likammeza. Akarudia mpaka shati likamganda mgongoni, na nyumba nzima kukawa hakusikiki kitu ila kile kimlio cha kijitu kinapokufa. Hapo, ndugu zangu, neno lilimjia mdomoni: inuka mwanangu, njoo ule. Mkewe aliliona likija. Lakini fundi aliona aibu, akalimeza.

Badala yake akafungua programu. Akachagua tofali, akaziba shimo la nne. Akaziba la tano, la sita, la saba, akaendelea kuziba mpaka la kumi na nne, akarudi akaziba na matatu ya mwanzo. Kisha akakimbiza kijitu chake juu ya sakafu tupu mpaka mlangoni.

"Umeona?" akasema. "Inapitika."

Binti akagusa kioo pale shimo la saba lilipokuwa.

"Kumbe yanazibika, baba," akasema. "Na matofali ulikuwa nayo siku zote."

Nafasi ya kulisema lile neno ilikuwa bado ipo. Mnajua fundi alisema nini?

"Ngoja," akasema, "nikutengenezee nyingine nyepesi."

Binti akainua begi lake. Hakugombana na mtu. Aliaga kama mgeni anavyoaga, akatoka. Mama akaweka sahani chini, akatoka mbio nyuma yake bila viatu, na fundi akabaki ameshika kipanya.

Wapendwa, tusimwonee huyu mzee. Fundi ndiye sisi. Tunapokosa sisi, kinga tunaiwasha mara moja: nilikuwa mtoto, shetani alinipitia, mazingira yalinibana. Tunatumbukia, tunaibuka, tunaendelea kuimba kwaya. Akikosa mwenzetu, tunamwambia aruke. Mkwe aombe radhi mbele ya ukoo wote. Ndugu aje kwa magoti, na akija kwa magoti tunauliza mbona amechelewa. Na tukiona hawezi, tunajiona wema sana kwa kumpunguzia masharti. Nani alituambia kwamba masharti yakiwa mepesi yanakuwa msamaha? Mungu alipotuona shimoni, alitupunguzia upana wa shimo, au alishuka mwenyewe kututoa?

Kuna mtu unayemjua wewe. Umemfikiria tangu nilipoanza kusema, na umekuwa ukiomba nimalize. Labda amekutumia ujumbe wiki hii na hujamjibu, unamtazama tu akiruka. Huwa nawakataza simu humu ndani, na mzee wa zamu huwatoa nje wanaokaidi. Leo ziwasheni. Nitanyamaza dakika tano, kwaya isiimbe. Mpigie.