Mgeni wa Nyuma ya Uzio

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majiko yao na hata vyuo vyao, kulikuwa na Chuo cha Bondeni, kando ya mto. Chuo hicho kilikuwa na timu ya mpira wa kikapu. Sogeeni karibu niwasimulie jinsi timu hiyo ilivyompata mchezaji ambaye hakuna aliyemtaka.

Kwa muda mrefu Bondeni walimtegemea Twiga. Wenzake wote kazi yao ilikuwa moja tu, kumpa mpira. Yeye aliudondosha kikapuni kama mtu anayetia sukari kwenye chai. Lakini Twiga alimaliza masomo, akaoa, akahamia mbali. Msimu uliofuata Bondeni walishika mkia.

Sasa msimu mpya ulikuwa unakaribia, na mkuu wa chuo alikuwa ameshatoa neno. Timu ikishika mkia tena, uwanja utalimwa viazi vitamu.

Tangu siku hiyo mashabiki hawakutulia. Walikutana kila asubuhi kwenye kibanda cha chai cha Mama Ngiri, wakabishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyekaa kitako. Huyu anainuka, yule anazunguka meza, mwingine mkia wake unapiga ukuta, pa, pa, pa, hata Mama Ngiri akawaomba wasimbomolee kibanda.

Waliokuwa na sauti kuliko wote ni wawili. Wa kwanza ni Mzee Kiboko, mwenyekiti wa mashabiki. Yeye alitaka asajiliwe mpwa wake, kijana mnene ambaye akisimama chini ya kikapu hakuna wa kumpita. Wa pili ni Nyati. Yeye alimtaka mwanawe, ambaye mwaka uliopita aliuvunja ubao kwa kichwa. Kiboko alisema mtoto wa Nyati hajui hata kikapu cha kwao kiko upande gani. Nyati akajibu kwamba mpwa wa Kiboko alisinzia katikati ya mechi, na timu nzima ikamzunguka kama jiwe.

Kocha alikuwa Korongo. Alisimama mlangoni kwa mguu mmoja, akabadilisha mguu, akasikiliza. Alikuwa na macho mazuri ya mpira, lakini mashabiki ndio walionunua mipira na nyavu, kwa hiyo mashabiki ndio waliosema nani asajiliwe.

Kila siku ililetwa habari mpya, na kila habari ilianza na neno moja: nimesikia. Nimesikia Chuo cha Ng'ambo wamesajili pofu, yule mnyama wa jamii ya swala, anayeruka kupita paa la nyumba. Nimesikia wana mbuni anayekimbia uwanja mzima akiwa amefumba macho. Hakuna aliyeuliza nani kaona. Walisikia, wakahangaika, wakaondoka na hofu zaidi ya waliyokuja nayo.

Chuoni hapo alisoma Kindi, binti mdogo wa manyoya mekundu, na huo ndio ulikuwa mwaka wake wa mwisho. Saa za mchana, wakubwa walipojilaza kukwepa jua, Kindi aliingia uwanjani peke yake na mpira uliokaribia kumshinda ukubwa. Aliudunda, akaukimbiza, akauviringisha kati ya miguu yake. Alikuwa amejifunza kuurusha kwa mwili mzima, kuanzia kwenye ncha ya mkia, na mpira ulipaa juu ukashuka wavuni bila kugusa chuma.

Asubuhi moja alijipa moyo akaingia kibandani. Alimwamkia Mzee Kiboko, akaomba na yeye ajaribiwe.

Kiboko aliitikia marahaba, kisha akamwonyesha mstari uliochorwa kwenye nguzo. Asiyefika kichwa kwenye mstari ule, alisema, haingii uwanjani. Kindi alikuwa hafiki hata kwenye goti la mtu anayefika. Nyati akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Akamshauri binti aende akahesabu karanga, mpira una wenyewe.

Kindi alitoka. Nyumbani alikataa ugali. Mama yake alimwambia asome, mambo ya uwanja ayaache, lakini Kindi hakuweza kukaa. Alipanda dari akashuka, akapanda tena. Hakuumizwa sana na kicheko cha Nyati. Kilichomuuma ni kwamba hakuna hata mmoja aliyemwambia, hebu rusha tuone.

Hapo ndipo alipolikumbuka lile neno la kibandani: nimesikia.

Siku iliyofuata alipita kibandani kwa Mama Ngiri kununua maandazi, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu asiyejali, kwamba amesikia Fisi, msajili wa Ng'ambo, anamtafuta mchezaji mmoja hatari, mgeni aliyeko huku huku Bondeni.

Kelele zilikatika. Kiboko akamwita arudi.

"Mchezaji gani huyo?"

"Mimi nimesikia tu, mzee," alisema Kindi, akaondoka na maandazi yake.

Wakubwa hawakulala. Kesho yake walimngojea njiani. Kindi akawaongezea kidogo: mchezaji huyo hana papara, lakini hakuna mkono unaoweza kumnyang'anya mpira. Siku ya tatu akaongeza kwamba ana aibu kupita kiasi, akitazamwa hachezi. Kiboko akauliza kama ni mkubwa. Kindi akajibu kwamba hajawahi kuona mwingine kama yeye. Jibu hilo liliwatosha. Jioni hiyo Nyati alikuwa akiwasimulia watu kwamba mgeni ana mabega kama mlango wa ghala.

Lakini uvumi, wanangu, haujui mpaka. Ulivuka mto ukafika Ng'ambo, ukamkuta Fisi mwenyewe anakula. Fisi aliposikia kwamba yeye Fisi anamtafuta mchezaji hatari wa Bondeni, alishangaa, maana hakuwa anamtafuta mtu. Kisha akaona heri aanze kumtafuta, asije akachelewa. Akavaa koti, akavuka.

Kindi alimwona Fisi kwa macho yake akishuka kivukoni. Mchezo aliokusudia wa watu wa kwao tu sasa ulikuwa na mgeni ambaye hakualikwa. Alitaka kukimbia. Lakini wakubwa walikuwa wameshamzunguka, wanamsihi awaletee mchezaji wao kabla Fisi hajamtia mfukoni.

Kindi akavuta pumzi, akawapa sharti. Mgeni atakuja uwanjani mchana, ila uwanja uzungushiwe uzio wa mabua ya mtama. Wao wabaki nje wasikilize. Ndani ataingia Kindi peke yake, kwa kuwa mgeni amemzoea na yeye ndiye humwokotea mipira.

Korongo alimtazama Kindi kwa muda mrefu. Alibadilisha mguu.

Uzio ulipokamilika walijipanga nje, Kiboko, Nyati, mashabiki wengine nyuma yao, na Fisi pembeni akijifanya mpita njia. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyelijali. Kindi akapenya ndani, akaufunga mlango wa mabua.

Kukawa kimya. Kisha, du, du, du, mpira ukaanza kudunda. Du-du-du-du, ukaongeza kasi. Ukakimbia kutoka upande huu mpaka upande ule, ukageuka ghafla, ukarudi. Halafu sauti ikakatika, na wote wakazuia pumzi.

Chwaa.

Hakuna chuma kilicholia, ni wavu tu. Du-du-du, chwaa. Tena chwaa.

Nje, Nyati alifumba macho akasema anamwona, ni mrefu kumzidi Twiga. Kiboko akasema hapana, kwa jinsi ardhi inavyotetemeka huyu ni mzito, ni wa ukoo wake kabisa. Ardhi ilikuwa inatetemeka kwa sababu Nyati hakuacha kupiga kwato, lakini nani angemwambia?

Fisi naye hakuweza kujizuia. Alisogea kwenye uzio akaita kwamba Ng'ambo wana bweni zuri, chakula kizuri, na mgeni akitaka aje hata leo.

Sauti hiyo ilimshtua Kindi mpira ukiwa unamtoka mkononi. Ngoo, ukagonga chuma, ukaruka, ukabingirika mpaka kwenye mabua, miguuni kwa Kiboko. Kiboko akainama. Palikuwa na upenyo mdogo kwenye uzio, na jicho lake likaanza kuukaribia.

Kindi alikuwa katikati ya uwanja, peupe, hana pa kujificha.

"Mgeni anasema akichunguliwa anaondoka na Bwana Fisi," alisema.

Kiboko akajinyoosha kama aliyeungua. Akamsukuma Fisi nyuma, akageuka kwa Korongo akamwamuru amsajili mgeni hapo hapo.

Korongo aliuliza taratibu kama hawataki kwanza kumwona. Nyati akasema wameshamwona kwa masikio. Korongo akauliza na kimo je, na ule mstari wa nguzoni? Kiboko akasema mstari ni wa watoto, mchezaji wa namna hii hapimwi. Ndipo wote wawili, mbele ya mashabiki, wakala kiapo kwamba yeyote aliye nyuma ya uzio ule anayerusha mpira ule ni mchezaji wa Bondeni, na atakayempinga apigwe marufuku kiwanjani.

"Basi fungueni," alisema Korongo.

Mabua yakaangushwa. Vumbi likatanda, kisha likatua. Katikati ya uwanja alisimama Kindi, manyoya yamelowa jasho, mpira umemkaa kifuani hata kidevu hakionekani.

Kiboko alitazama kushoto. Alitazama kulia.

"Mgeni yuko wapi?"

"Hakuna mgeni, mzee. Mliyemsikia ni mimi."

Nyati alisema haiwezekani. Kindi hakubishana naye. Aliudunda mpira, akampita Nyati upande mmoja, akampita upande wa pili, Nyati akajikwaa kwenye kwato zake mwenyewe, na mpira ukapaa. Chwaa.

Kiboko uso ulimbadilika. Alikuwa amefedheheka mbele ya watu wote, na mkubwa akifedheheka, wanangu, hukasirika kwanza. Alimwambia Kindi kwamba amewadanganya, na kiapo kilichojengwa juu ya uongo si kiapo.

Kindi hakurudi nyuma.

"Niliwadanganya kuhusu mgeni, mzee, na hilo naomba radhi. Kuhusu mpira sikuwadanganya. Nilikuja kwenu mchana kweupe nikaomba mnijaribu, mkanionyesha nguzo."

Mashabiki wakaanza kunong'ona. Kiboko akafumbua kinywa amfukuze, na pengine angemfukuza. Lakini kabla hajatamka neno, Fisi, aliyekuwa amejishika mbavu kwa kicheko, aliacha kucheka. Alimtazama Kindi juu mpaka chini, na safari ya macho yake haikuwa ndefu. Kisha akauliza kwa adabu zote:

"Samahani, Mzee Kiboko. Kama ninyi hamumtaki, naweza kuondoka naye?"

Hapo Kindi mwenyewe alishikwa na butwaa. Hakuwa amelipanga hilo. Ng'ambo walikuwa wanamtaka hivyo hivyo alivyo, na kivuko kilikuwa kinasubiri. Aliwatazama wakubwa wa kwao, na kwa mara ya kwanza wao ndio walioonekana wadogo.

Kiboko akamtazama Fisi. Akautazama uwanja, akaona viazi vitamu vimeota mpaka chini ya kikapu. Akameza mate.

"Huyu ni wetu," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia vizuri, mzee," alisema Fisi.

"Nimesema ni wetu. Tunamtaka." Kisha akamgeukia Kindi, na ilimgharimu sana. "Binti, kama bado na wewe unatutaka."

Kindi hakujibu upesi. Aliwaacha wangoje kidogo, kama yeye alivyongojeshwa. Halafu akamrushia Korongo mpira, akauliza mazoezi yanaanza lini.

"Yameshaanza," alisema Korongo, akaweka miguu yote miwili chini.

Jioni ile kibandani kwa Mama Ngiri walibishana tena, kwa maana mashabiki hawaponi. Nyati aliapa kwamba alijua tangu mwanzo. Mwingine akasema sawa, anarusha vizuri, lakini nani atamzuia yule pofu wa Ng'ambo? Chai ikapoa vile vile. Uwanjani, Kindi alikuwa anawafundisha mpwa wa Kiboko na mtoto wa Nyati kutoa pasi.

Yangu yameishia hapo, wanangu, nanyi shikeni hili: kabla hujampima mwenzio kwa kimo, mpe mpira umwone.