Kwa Nini Mtaja-Siku wa Mtondooni Hufunika Uso

Kaeni vizuri, na mwenye la kucheka acheke mapema, maana mbele ya safari hakuna kicheko.

Mkaza mwanangu, aliyeolewa kwetu juzi kutoka ng'ambo ya bonde, ameniuliza jambo ambalo wenyeji hawaniulizi kwa sababu wananihurumia. Ameniuliza kwa nini mimi Ngwali, mtaja-siku wa Mtondooni, kila asubuhi ninaposimama barazani kutaja waliozaliwa, waliokufa na yaliyotokea siku kama hiyo, hujifunika shuka usoni kama mtu anayekimbia moshi. Alidhani naumwa macho. Macho yangu mazima, mwanangu. Ninachoumwa ni ukoo, na nitakusimulia kwa kuwa umeshaingia humo na huna tena pa kutokea.

Zamani sana siku hazikuwa kama zilivyo sasa. Mwaka ulihesabiwa kama tunavyouhesabu hadi leo, kuanzia Siku ya Mwaka, kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo: miongo thelathini na sita, na siku tano za nyongeza. Hilo halijabadilika. Kilichokuwa tofauti ni kwamba kila siku ilikuwa na mwenyewe mmoja tu. Aliyeiwahi siku kwa kuzaliwa, kwa kufa au kwa jambo kubwa, ndiye aliyeimiliki daima. Kila mwaka jina lake lilitajwa barazani, watu wakamwombea dua na kula chakula kwa jamaa zake. Waliokuja nyuma yake, wakazaliwa au kufa katika siku yenye mwenyewe, hawakutajwa kabisa. Walikuwa kama wageni waliokuta mkeka umejaa.

Na wenye nguvu hawakuchelewa kuzikalia siku. Siku ya tatu ya mwongo wa saba, kwa mfano, ilikuwa ya jumbe mmoja aliyeng'olewa jino. Ndiyo, jino. Jumbe alikuwa jumbe, na jino lilikuwa la jumbe, kwa hiyo miaka nenda miaka rudi watu wa Mtondooni waliliombea dua gego. Siku iliyofuata, ya nne, ilikuwa bado tupu. Zilikuwa zimebaki chache za namna hiyo, na watu walizimezea mate.

Mtaja-siku wa zama hizo alikuwa babu yetu Vuai. Msidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, mwenye sauti nzuri, na hesabu ya mwaka mzima aliiweka kichwani bila kukosea hata siku moja. Watu walilima kwa neno lake na kuvuna kwa neno lake. Lakini miaka thelathini alikuwa akitaja siku za watu, na katika ukoo wake wote hapakuwa na aliyekuwa na siku. Wala hakuwa na mtoto. Mkewe, Mwatumu, alikaa miaka kumi na miwili bila kushika mimba, na aliposhika, Vuai alianza kuiangalia siku ya nne ya mwongo wa saba kama mtu anavyoangalia embe lililoiva juu ya ukuta wa jirani.

Mwaka huo huo kijiji kilikuwa hakina maji. Kisima cha zamani kilikuwa kimegeuka chumvi, na wanawake walikuwa wakitembea nusu siku na mitungi kichwani. Mchimba visima mmoja, Mwadini, mtu wa kimya asiye na jamaa wengi, alikwenda bondeni na mkewe Mize wakaanza kuchimba. Mume alikuwa chini akichimba, mke juu akivuta pakacha la udongo kwa kamba. Walilala huko huko, kwa sababu udongo ulikuwa umeanza kutoka na unyevu na Mwadini hakutaka kuuacha.

Siku ya nne ya mwongo wa saba, jua likichomoza, maji yalipatikana. Mize aliyasikia kabla ya kuyaona. Kisha ukingo mmoja wa shimo ukaporomoka, na Mwadini akafukiwa chini, mikono ikiwa imeshika jembe. Mize alifukua kwa vidole mpaka alipojua kwamba hakuna wa kumfukulia tena, halafu akakimbia kijijini.

Desturi ilikuwa kwamba habari ya kifo ipelekwe kwanza kwa mtaja-siku. Mize alimkuta Vuai uani kwake, anacheka peke yake. Mwatumu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume muda mfupi uliopita, jua lilipofika usawa wa paa. Vuai alimuuliza Mize mume amefariki lini, kama ilivyompasa kuuliza. Mize akajibu, "Leo, jua likichomoza."

Hapo ndipo babu yetu alipopotea. Angekubali jibu lile, siku ingekuwa ya Mwadini aliyetangulia, na mtoto aliyengojewa miaka kumi na miwili angekuta mkeka umejaa. Alimtazama yule mwanamke aliyetapakaa tope, akafikiri jambo ambalo mimi huona haya hata kulitamka mbele ya wajukuu. Alifikiri kwamba mwenye eda hatoki nje kubishana.

Alasiri, baada ya mazishi, Vuai alisimama akatangaza kwamba Mwadini alifariki jana yake, kabla ya magharibi, na kwamba mkewe maskini alikesha juu ya shimo mpaka akili zikamchanganyikia. Jana yake ni siku ya tatu, nayo ilikuwa ya gego la jumbe. Kwa hiyo Mwadini hakupata siku. Waliomwosha maiti walikuwa wameona kwamba mwili haukuwa wa jana, lakini nani angebishana na mtaja-siku? Walinawa mikono wakaenda kula. Na ndani ya nyumba, Mize aliyekwisha kuvalishwa nguo nyeupe aliposema, "Ni leo, jamani," wanawake walimshika mabega wakamwambia, "Tulia, bibie. Msiba unachanganya."

Kesho yake mtoto wa Vuai alitangazwa mwenye siku ya nne, akaitwa Pandu. Watu wakala pilau. Jioni wakateka maji katika kisima kipya, matamu kabisa, wala hakuna aliyejua amtaje nani anapoyanywa.

Mize alikaa eda. Kwa hesabu ya kwetu ilikuwa miongo kumi na mitatu, yaani siku mia na thelathini, na kila asubuhi, kuanzia asubuhi ya kwanza baada ya kifo, alitia punje moja ya choroko ndani ya kifuu cha nazi. Hakulalamika tena. Wanawake walisema amepoa. Hakuwa amepoa, alikuwa anahesabu.

Ikafika siku ya tatu ya mwongo wa ishirini, ambayo kwa neno la Vuai ndiyo ilikuwa siku ya kumtoa. Wanawake walikuja na maji ya kumwogesha, udi na nguo mpya. Mwatumu alikuwamo, mtoto wake mgongoni. Mize alikaa nyuma ya pazia asinyanyuke.

"Rudini, dada zangu," alisema. "Bado siku moja."

Walicheka kwanza, wakidhani ni haya. Halafu wakambembeleza. Halafu wakakasirika, maana maji yalikuwa yanapoa na wali ulikuwa jikoni. Mmoja akamwambia, "Wewe Mize, unamkosoa mtaja-siku?" Kutoka siku ile kulikuwa ni kukubali kwa mwili wake mwenyewe kwamba mumewe alikufa siku ya gego. Kutotoka kulikuwa ni kumwita Vuai mwongo mbele ya kijiji kizima. Mwanamke mmoja na kifuu chake.

Basi Vuai akaitwa, na nusu ya kijiji ikamfuata mpaka uani. Mwanamume hamtazami mwenye eda, kwa hiyo Vuai alikaa kizingitini akaligeuzia pazia mgongo, uso wake ukaelekea watu. Mkono wa Mize ukatoka chini ya pazia ukasukuma kifuu mpaka pembeni yake.

"Wewe ndiye mwenye hesabu, kaka Vuai," alisema. "Nihesabie."

Vuai alimwaga choroko kwenye ungo akazihesabu kwa sauti, sauti ile ile nzuri. Watu walikuwa wanahesabu naye kimoyomoyo. Alifika mia na ishirini na tisa, na ungo ukawa mtupu. Alihesabu tena, taratibu zaidi. Mia na ishirini na tisa.

"Imeanguka moja," alisema.

"Itafuteni," alisema Mize.

Na watu wazima wakapiga magoti. Walikunja mikeka, wakafagia pembe za nyumba, wakapekua majivu ya mekoni, watu na heshima zao wakitambaa wanatafuta punje ya choroko. Vuai naye aliinama akatafuta, na hilo ndilo linaloniunguza kuliko yote. Alijua kwamba haipo, na bado aliinama akaitafuta, kisha akarudi kukaa kizingitini akipangusa vumbi.

Mwatumu ndiye aliyeshindwa kuendelea kutazama. Alimfungua mtoto mgongoni akampakata.

"Msitafute," alisema. "Haikuanguka."

Vuai akamwambia kwa upole, "Mke wangu, kaa kimya."

"Nimekaa kimya miezi minne. Nimemnyonyesha mtoto huyu aibu yako na yangu, pamoja na maziwa." Akawageukia watu. "Nilikuwa dirishani, mkunga hajaondoka. Nilimwona Mize akiingia uani kwangu. Miguu yake ilikuwa na tope bichi linadondoka. Mtu aliyefiwa jana angekuwa na tope kavu. Nilimsikia akisema leo, jua likichomoza. Nilisikia kwa masikio yangu, nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilitaka mwanangu awe na siku."

Waliomwosha maiti walitazama chini. Waliomshika Mize mabega walitazama chini. Vuai alikuwa amekaa pale kizingitini, na hakuwa na pa kugeuka. Mbele yake watu wote wa Mtondooni. Nyuma yake mwenye eda, ambaye ni haramu kumtazama. Hakuweza kuondoka, maana njia ilikuwa imejaa watu, na hakuweza kukaa. Alifanya lile moja lililobaki. Alishika ncha ya shuka yake akaivuta juu, akajifunika uso, na chini ya shuka akasema kwa sauti ambayo watu hawakuitambua, "Ni kweli. Alikufa siku ya nne."

Mzee wa mji, Simai, alitaka mtoto anyang'anywe siku saa ile ile, nayo apewe marehemu. Watu wakaitikia, na wakaitikia kwa kelele, kama wafanyavyo watu wanaotaka kosa lao lisahauliwe ndani ya kosa la mwingine. Mize aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Mtoto amekosa nini?" aliuliza nyuma ya pazia. "Amezaliwa siku ile, hilo si uongo. Siku ni pana. Ninyi ndio mlioifanya nyembamba. Mtajeni mume wangu, yatajeni maji, mtajeni na mtoto."

Simai akasema vema, itakuwa hivyo, na siku nyingine zote pia zifunguliwe, kila aliyezaliwa na kila aliyekufa aingie katika siku yake.

"Bado," alisema Mize. "Na Vuai naye."

"Vuai naye nini?"

"Alichokifanya kilitokea siku ile ile. Nacho kitajwe."

Watu waliondoka na maji yao na udi wao. Siku iliyofuata walirudi, na Mize akatoka, punje yake ya mia na thelathini ikiwa ndani ya kifuu. Hawakupiga vigelegele. Walimwogesha kimya, na aliyemmiminia maji alikuwa Mwatumu.

Na tangu siku hiyo, hapa Mtondooni siku haina mwenyewe mmoja. Wanaokufa na wanaozaliwa, mvua kubwa na moto, harusi na wizi, vyote hutajwa pamoja kwa pumzi moja, na anayeanza kutajwa ni yule asiye na jamaa wa kumsemea. Na tangu siku hiyo mtaja-siku hufunika uso anapotaja. Vuai hakuweza tena kusimama barazani uso wazi, na waliomrithi hawakuona sababu ya kujifanya bora kuliko yeye.

Mwaka wa kwanza, siku ya nne ya mwongo wa saba ilipofika, Vuai alisimama na shuka yake akataja. Alisema: siku kama ya leo alikufa Mwadini mchimba kisima, yalipatikana maji matamu, alizaliwa Pandu wa Vuai. Kisha akalisema lililobaki kwa haraka, chini chini, kama mtu anayemeza dawa. Mize alikuwa amesimama mstari wa mbele.

"Sema tena, kaka Vuai," alimwambia. "Sikusikia."

Akasema tena.

Pandu yule ndiye aliyemzaa babu wa babu yangu. Siku yenyewe ni kesho, mkaza mwanangu. Utanisikia nikimtaja Mwadini, nikiyataja maji, nikimtaja Pandu, na utaona watu wanatulia na kungoja. Sijawahi kukosa kulisema, na kila mwaka ulimi huwa mzito vile vile. Husema: na siku kama ya leo Vuai, mtaja-siku, babu yetu, alisema uongo juu ya maiti. Watu hujibu, "Tumesikia," nami hubaki ndani ya shuka mpaka wa mwisho wao aende zake.