Shungi na Masikio ya Fisi

Paukwa.
Pakawa.
Masikio mnayo?
Tunayo.
Yanasikia?
Yanasikia.
Haya, yategeni.

Hapo kale palikuwa na Shungi, kijibwa cha aina ya pudeli, manyoya yamejisokota mwili mzima mpaka ndani ya masikio. Kila Jumamosi mwenye nyumba, Mama Ndekirwa, alimkalisha kibarazani, akamng'oa nywele za masikioni, nyu, nyu, kisha akamfuta kwa pamba na dawa. Shungi aliichukia shughuli hiyo kuliko njaa.

Jumamosi moja Mama Ndekirwa aliweka pamba na dawa kibarazani, halafu akaenda mara moja mgombani kukata majani. Huku nyuma, Fisi huyo. Akamkanyaga mtoto wa pekee wa Shungi, aliyelala hapo kibarazani kando ya mama yake, pu.

Shungi roho ikamruka. Akawaza: nikibweka, Mama atasikia. Lakini Fisi naye atasikia, na atammeza mwanangu kabla Mama hajafika. Akaapa moyoni kwamba mwanawe haliwi leo.

Akamtazama vizuri. Fisi alikuwa anatikisa kichwa, pata pata, anajikuna, kwaru kwaru. Masikio yake yamejaa nta na kupe.

"Shikamoo, Mjomba Fisi."

"Marahaba. Kaa hapo hapo, zamu yako inakuja."

"Sikimbii, Mjomba. Ila utakulaje nawe unawashwa hivyo? Sikio likiwasha, hata nyama haina ladha. Ngoja nikusafishe kwanza."

Fisi akafikiri. Kumbe kitoweo cha pili kinajileta chenyewe mpaka mdomoni.

"Safisha. Ila mguu siutoi."

Shungi akachovya pamba kwenye dawa, akamfuta taratibu. Fisi akafumba macho kwa raha. Shungi akasokomeza donge moja kulia, jingine kushoto.

"Mjomba, unasikia?"

"Nasikia."

Akasokomeza tena.

"Mjomba, unasikia?"

"Nasikia kwa mbali."

Akasokomeza tena, akashindilia kwa pua.

"Mjomba, unasikia?"

Kimya. Fisi anatabasamu tu, mate yanamchuruzika.

Hapo Shungi akabweka, bwe bwe bwe, mpaka koo likamwuma. Mama Ndekirwa akasikia, akapitia mchi jikoni, akaja mbio. Shungi akamsubiri afike nyuma ya Fisi. Kisha akang'ata nywele za ndani ya sikio la Fisi, akavuta kwa nguvu zake zote, nyuuu.

Fisi akaruka, miguu yote juu. Mtoto akabingirika pembeni. Mchi ukashuka kiunoni, pwaa. Fisi akatimka na pamba zake masikioni, na tangu siku hiyo kiuno chake kimeinama. Mwangalieni wenyewe.

Mama Ndekirwa akaegemeza mchi ukutani, akaokota pamba iliyobaki.

"Haya, Shungi. Lete sikio."

Hadithi yangu imefika nyumbani. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni. Na funzo lake, wanangu, ni hili: anayekubali kusafishwa masikio hupigwa mchi. Kwa hiyo msikubali kamwe, akija yeyote.

Sasa wewe uliyecheka kuliko wenzako, sogea hapa. Pamba ninayo.